Dhahabu ya babu

Vitu vya babu viligawanywa jioni moja. Baba mdogo alichukua saa, shangazi redio, mimi nikaangukiwa na kibati cha tumbaku kilichojaa vifungo vya mashati, ufunguo usiojulikana kufuli lake, na kidude kimoja cha njano. Hicho bibi alinitilia mkononi mwenyewe, akanifumba vidole. "Hii ndiyo dhahabu ya babu yako, mume wangu. Usimwonyeshe mtu."

Babu alikuwa baharia. Alirudi nacho kutoka safari mojawapo, na bibi hakuwahi kuambiwa zaidi ya hapo.

Kilikuwa cha duara, upana wa milimita 23, chembamba kiasi kwamba ukikibana unahisi kitakunjika. Ukingoni kilikuwa na tundu. Upande mmoja waridi, limezungukwa na mataji matatu na maua matatu kwa zamu. Upande wa pili tufe lenye msalaba juu. Maandishi yalizunguka pembeni, yamesagika. Hakikuwa na tarakimu yoyote, wala mwaka, wala kichwa cha mfalme. Hilo peke yake lilitosha kunitia shaka, maana sarafu gani haisemi thamani yake? Lakini mtu akishaambiwa dhahabu, macho huona dhahabu.

Kosa langu la kwanza, ambalo linaniuma hadi leo, ni kukisugua kwa dawa ya meno. Upande wa waridi uling'aa kama kifungo cha askari, na ule utando wa kahawia uliokuwa umekaa juu yake miaka yote ukaondokea kwenye karai. Utando huo haurudi tena. Anayeshika kitu cha kale na akishike hivyo hivyo kilivyo.

Nikaazima mizani ndogo ya kupimia vito. Kikavu kilikuwa gramu 1.92. Kisha nikaweka kikombe cha maji juu ya mizani, nikairudisha kwenye sufuri, nikakining'iniza kidude kwa uzi uliopita kwenye lile tundu, kizame bila kugusa chini. Mkono ulinitetemeka. Mizani ikasoma 0.22, ndio uzito wa maji yaliyosukumwa. Ukigawa 1.92 kwa 0.22, unapata karibu 8.7, yaani kilikuwa kizito mara 8.7 kuliko maji ya ujazo ule ule. Dhahabu tupu ingekuwa 19.3, na mizani isingevuka 0.10. Nilirudia mara tatu nikitarajia maji yabadili mawazo. Ilikuwa shaba ya njano, ile ya kuchanganya shaba na zinki.

Basi nikahamia kwenye maandishi. Nilizima taa, nikalaza tochi ya simu mezani ili mwanga uje kwa ubavu, na herufi zikaanza kuinuka kwa vivuli vyake. KRAV, halafu tundu, halafu NCKEL. Siku mbili nilihangaika na hiyo V, mpaka nilipokumbuka kuwa zamani V iliandikwa pia mahali pa U. Krauwinckel! Kuanzia hapo kamba ilijivuta yenyewe: Hans Krauwinckel wa pili, fundi wa Nuremberg, Ujerumani, aliyefanya kazi kati ya 1586 na 1635. Hakutengeneza pesa. Alitengeneza jetoni, vidude vya kuhesabia pesa, enzi ambazo wafanyabiashara wa Ulaya walipiga hesabu kwa kuvisogeza juu ya mistari.

Upande wa tufe ulisomeka GOTES SEGEN MACHT REICH. Baraka ya Mungu hutajirisha.

Nilipompelekea bibi habari hizo, alicheka mpaka akajifuta macho kwa kanga. "Hutajirisha! Na yule alikufa na madeni." Kisha akanyamaza. "Kwa hiyo si dhahabu."

"Si dhahabu, bibi."

"Inafanyaje kazi?"

Nikageuza kalenda ya zamani, nikachora mistari minne: wa chini moja, unaofuata kumi, kisha mia, wa juu elfu. Katikati ya mistari ni tano, hamsini, mia tano. Kidude ni kile kile, thamani yake ni pale kilipokaa. Nikamwambia ataje namba yoyote.

"Miaka ya babu yako."

Sabini na nane. Vifungo vya kibati vikapata kazi: kimoja kwenye nafasi ya hamsini, viwili kwenye mstari wa kumi, kimoja kwenye nafasi ya tano, viwili kwenye mstari wa moja, na cha tatu pale chini nikakiweka kile kidude chenyewe.

Bibi alivitazama kwa muda. Akakichukua kidude kwa ncha za vidole, akakipandisha hadi mstari wa juu.

"Haya, soma."

"Elfu moja na sabini na saba."

"Mwache hapo hapo," akasema.