Komba wa gramu 60

Jamani wiki iliyopita nilikuwa Rondo huku Lindi kwa mjomba, sijui nilifuata salamu au ming'oko (vile viazi vya porini), usiku akanibeba na wenzake wa kamati ya mazingira ya kijiji tukakaa pembezoni mwa msitu na tochi, tumekaa weee mbu wanatula tu, mara macho mawili yakawaka mtini. Komba wa Rondo! Kadogo balaa, gramu 60 hivi, kamkia kama brashi ya kuoshea chupa, na duniani wako Tanzania tu, kwenye vimisitu vichache vya pwani vinavyozidi kuliwa na mkaa na mashamba.

Sasa kinachoniuma, hela za wafadhili nyingi zinaenda kwa tembo na simba, huku mjomba anapiga doria na kandambili na betri za tochi ananunua mwenyewe. Kuna mradi ulishapita, ukaishia semina na posho mjini (chai na sambusa zilikuwepo lakini 😂). Wazee wanataka mabuti, baiskeli mbili, na kitu kidogo cha kila mwezi ili mtu asiache doria akapalilie mikorosho ya watu. Tumeanza kuchangishana kwenye grupu la familia, mpaka leo mabuti pea 3.