Siku moja maishani mwangu: kutafutia chama cha tatu kura Burlington, Vermont

Hii ni Jumamosi ya katikati ya Oktoba, mwaka wa uchaguzi. Kazi yangu ni kuratibu kampeni ya nyumba kwa nyumba ya mgombea wa chama cha Progressive anayewania kiti kwenye Baraza la Wawakilishi la jimbo la Vermont. Wengi wakisikia uchaguzi wa Marekani huwaza urais na mabilioni ya dola. Huku chini hali ni tofauti kabisa. Baraza lina wajumbe 150, na sensa ya 2020 ilihesabu watu 643,077 jimbo zima. Gawanya mwenyewe: kila kiti ni watu wasiofika 4,300. Kuna kata za Dar es Salaam zenye watu mara kumi ya hao. Ukinunua tangazo la televisheni, karibu wote watakaoliona hawapigi kura kwako. Kinachobaki ni miguu.

Saa 12:30 asubuhi

Kahawa na orodha. Vermont haiandikishi wapiga kura kwa chama, kwa hiyo daftari halikuambii nani ni Democratic, nani Republican. Linakupa jina, anwani na chaguzi ambazo mtu alishiriki. Hilo la mwisho ndilo la thamani. Aliyepiga kura mwaka wa urais tu ana mazungumzo yake, na anayejitokeza mpaka uchaguzi wa mji mwezi Machi ana yake.

Kuna kazi nyingine kabla jua halijachomoza: kuwaondoa waliokwisha kupiga. Tangu sheria ya 2021, kila mpiga kura ambaye jina lake bado linatumika daftarini hutumiwa karatasi ya kura kwa posta kwenye uchaguzi mkuu bila kuomba, kuanzia mwishoni mwa Septemba. Karani wa mji huweka alama kila bahasha inaporudi. Kampeni isiyochukua orodha mpya kwake itapoteza robo ya siku ikibisha kwa watu waliomaliza shughuli yao wiki iliyopita, na inawachosha.

Kisha nakata mitaa. Mafungu ya milango 40 hivi, kila fungu saa mbili, namba shufwa upande mmoja kisha witiri upande wa pili, ili mtu asivuke barabara kila dakika. Mtaa wa Old North End unasumbua. Nyumba za mbao za zamani zimegawanywa vyumba vitatu au vinne vya kupanga, ngazi ziko nyuma, namba za milango zimefutika, na majina kwenye orodha mara nyingi ni ya wapangaji wa mwaka jana. Kwa hiyo kando ya anwani naandika kwa mkono: "ngazi ya nyuma, mlango wa kijani". Anayepewa fungu lisilo na maelezo hayo atarudi na milango kumi na tano tu.

Saa 2:00

Mweka hazina. Dakika ishirini za karatasi, lakini ndizo zinazoweza kuizamisha kampeni. Kila kipeperushi, kila bango la uani, lazima lionyeshe nani amelipia na anwani yake ya posta. Matangazo ya dola 500 au zaidi ndani ya siku 45 kabla ya uchaguzi huripotiwa ndani ya saa 24. Mtu akimaliza oda ya vipeperushi Ijumaa jioni, saa zimeanza kuhesabika, hata kama ofisi zote zimefungwa.

Michango nayo ina mtego unaowahusu sana watu wetu wahamiaji. Mwenye grini kadi, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, anaruhusiwa kuchangia. Asiye raia na asiye na grini kadi haruhusiwi hata dola moja, na katazo hilo ni la sheria ya shirikisho, linagusa hata chaguzi ndogo kama hizi. Anaweza kujitolea bila malipo, lakini asitoe hela. Mama anapochomoa noti ya dola ishirini kanisani baada ya ibada, unamshukuru kwa heshima zote, unamuuliza, na jibu likiwa na shaka unamrudishia papo hapo.

Saa 3:00

Wanaojitolea wanafika. Mafunzo ni mafupi, na sehemu kubwa ni makatazo.

La kwanza, usitie kipeperushi kwenye sanduku la posta. Sanduku ni la barua zenye stempu tu, hiyo ni sheria ya nchi nzima. Kipeperushi kinachomekwa kwenye kitasa cha mlango. Wageni hukosea hapa kila mara kwa sababu sanduku liko karibu na ngazi ziko mbali.

La pili, usiguse kura ya mtu. Mgombea na wafanyakazi wake wa kulipwa hawaruhusiwi kupeleka bahasha ya asiye wa familia yao. Sisi tumewakataza hata wanaojitolea, kwa sababu picha moja ya kijana mwenye fulana yetu akibeba bahasha inatosha kutuharibia wiki.

La tatu ndilo ninalolirudia mpaka wanachoka: usimwandikishe mtu kabla hujajua kama ni raia. Burlington, Winooski na Montpelier zinaruhusu wakaazi halali wasio raia kupiga kura kwenye uchaguzi wa mji. Winooski na Montpelier zilipata ruhusa hiyo 2021, Burlington 2023, mara zote Bunge likiipindua kura ya turufu ya gavana. Wasio raia huandikwa kwenye daftari la peke yake. Lakini kiti cha Bunge la jimbo si cha mji. Asiye raia akijiandikisha au akipiga kura kwenye uchaguzi wa jimbo au wa taifa, anaweza kunyimwa uraia baadaye, au hata kufukuzwa nchini. Mtu aliyepiga kura Machi kihalali kabisa anaweza kudhani Novemba ni vilevile. Ni kosa linalofanyika kwa nia njema, na fomu ya uraia, N-400, itamuuliza waziwazi kama amewahi kupiga kura. Bora tupoteze kura hamsini kuliko kumtia mtu mmoja kwenye shimo hilo.

Saa 4:00 hadi saa 7:00

Milango. Mtu mzoefu anagonga kama 20 kwa saa, na watakaofungua ni wanne au watano. Gonga, rudi nyuma hatua mbili, karatasi ionekane mkononi. Kwa nyumba za Wakongo na Warundi, wengi wao waliopitia kambi za Kigoma kama Nyarugusu, kupiga hodi kwa sauti kunafungua mlango haraka kuliko kengele. Kengele ni polisi, mwenye nyumba, au mtu wa bili.

Mazungumzo hayazidi dakika tatu. Jina, kiti, swali moja: "Kitu gani kinawabana zaidi mwaka huu?" Kisha unanyamaza. Anayeanza na sera zote saba za mgombea amemaliza kabla hajaanza.

Jambo gumu kuliko yote mlangoni ni karatasi ya kura yenyewe. Eneo letu la uchaguzi lina viti viwili, na maelekezo yanasema mpiga kura achague wasiozidi wawili. Mazungumzo hugeuka hivi:

"Baba, hapa unaweza kutia alama kwa watu wawili."
"Lazima wawili?"
"Hapana, hata mmoja inatosha. Ila ukitia watatu, sehemu hiyo yote haihesabiwi."
"Na huyu wenu ni Democratic?"
"Ni Progressive."
"Sasa mbona yule mwingine ameandikwa vyote viwili?"

Swali zuri. Vermont inaruhusu mtu mmoja kuteuliwa na vyama viwili, na majina yote mawili ya vyama hufuata jina lake. Mpangilio wake una maana. David Zuckerman, aliyekuwa naibu gavana, aliandikwa Progressive/Democratic. Wengine hutanguliza Democratic. Wenyeji wanasoma mpangilio huo kujua mgombea ni wa chama gani hasa. Wetu ana jina moja tu la chama, kwa hiyo ana Mademokrati wawili mbele yake na hana pa kujificha.

Viti viwili vinakisaidia chama cha tatu. Hulazimiki kumwambia mtu amwache Mdemokrati wake wa miaka kumi, unamwomba nafasi ya pili. Hofu ya kupoteza kura kwa mgombea asiyeweza kushinda, inayoua vyama vidogo kwingine Marekani, hapa inapungua nusu. Lakini hesabu ina upande wake mchungu: kura ya pili unayoihimiza inaweza kumwendea yuleyule anayekukimbiza kwa kura thelathini. Kampeni nyingi huwaomba wafuasi wa damu wapige moja tu na kuacha nafasi ya pili wazi. Nafikiri mlangoni kwa mtu mgeni ombi hilo linasikika kama ujanja. Tunaliacha kwa waliokwisha kutuahidi, tena kwa simu.

Wengi wana bahasha mezani tayari, haijafunguliwa. Hapo unaeleza bila kugusa. Karatasi inaingia kwenye bahasha ya ndani, ile yenye kiapo na mstari wa sahihi. Unatia sahihi. Hiyo inaingia kwenye bahasha ya nje. Kosa kubwa ni sahihi kusahauliwa, na la pili ni karatasi kutiwa moja kwa moja kwenye bahasha ya nje. Kura ya namna hiyo huandikwa kuwa na kasoro na karani hutuma kadi ya posta. Mpiga kura anaweza kurekebisha kabla vituo havijafungwa saa 1:00 jioni siku ya uchaguzi. Shida ni kwamba kadi imeandikwa Kiingereza, inafanana na tangazo la pizza, na inaishia kwenye takataka.

Saa 8:00 mchana

Mkutano wa wapangaji, viti hamsini vya plastiki, mkalimani wa Kiswahili na wa Kinepali. Hapa ndipo historia na misimamo ya mgombea hupimwa.

Ni muuguzi msaidizi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, mpangaji, na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi kazini kwake. Swali la kwanza huwa ni la kazi: atafanyaje? Bunge la Vermont hukaa kuanzia Januari hadi Mei au zaidi kidogo, malipo ni ya wiki wakati wa kikao, na mbunge hana ofisi wala msaidizi wake. Ndiyo maana humo wamejaa wastaafu na waliojiajiri. Jibu lake ni la kweli: mwajiri amekubali zamu za wikendi.

Kisha kodi ya nyumba. Mwaka 2021 wapiga kura wa Burlington waliidhinisha kwamba mwenye nyumba asimfukuze mpangaji bila sababu inayotambulika. Mabadiliko ya katiba ya mji lazima yapite Bungeni Montpelier, mji mkuu wa jimbo. Yalipita, Gavana Phil Scott akayakataa 2022, na jaribio la kuipindua kura yake ya turufu barazani likapungukiwa na kura moja. Ukumbi mzima huinua vichwa hapo. Kura moja, kiti kimoja, na wao wanapigia viti viwili.

Afya ni ngumu zaidi. Progressive wanataka bima moja ya umma kwa wote. Anayejua atauliza: si mlishindwa? Sheria ilipitishwa 2011, na Desemba 2014 Gavana Peter Shumlin akaiweka kando baada ya hesabu kuonyesha kodi ya asilimia 11.5 ya mishahara kwa waajiri. Mgombea anayejibu kwa kaulimbiu tupu hapo anazomewa kimoyomoyo. Wetu anasema aanze na huduma ya msingi kwa daktari wa kawaida, na anakiri kwamba hospitali zitabaki nje kwanza. Ni jibu dogo, lakini linasimama.

Shule ndiyo kaa la moto. Kodi ya majengo inayolipia elimu ilipanda kwa wastani wa karibu asilimia 14 mwaka 2024, na hasira yake iliwaondoa Mademokrati wengi Bungeni. Progressive wanataka elimu ilipiwe kwa kodi ya mapato. Mpangaji anasema: "Mimi sina jengo." Analo, limefichwa ndani ya kodi ya nyumba anayolipa kila tarehe mosi. Hilo mkalimani hulirudia mara mbili.

Saa 10:00 hadi saa 12:00 jioni

Milango tena, ile ya wasiokuwepo asubuhi. Jua linazama karibu saa 12:00 na baridi inashuka. Giza likiingia tunaacha, hata kama fungu halijaisha. Mlango unaogongwa gizani huleta malalamiko kuliko kura.

Saa 1:30 usiku

Kuingiza majibu, usiku huohuo. Moja ni wetu, mbili anaelekea kwetu, tatu hajui, nne anaelekea kwingine, tano ni wao. Vijana wapole huandika mbili kwa kila aliyewatabasamia, kwa hiyo nawauliza: alisema nini hasa? "Nitafikiria" ni tatu. "Kila la heri" ni nne.

Wanaohitaji usafiri au mkalimani siku ya uchaguzi wanaingia orodha ya peke yake, pamoja na simu na lugha: Kiswahili cha Kongo, Kirundi, Kisomali. Waliosema bahasha imepotea wanapigiwa Jumatatu asubuhi ofisi ya karani ikifunguliwa, kwa sababu wanaweza kuomba nyingine, au wakaenda kituoni wenyewe na kutia sahihi tamko kwamba hawajapiga. Kesho tunaanza saa 7:00 mchana, baada ya ibada.