Shupaza Saba

Kadi ya shupaza 7 niliichomoa kisandukuni mwenyewe, na hakuna aliyenisukuma. Naanza na hilo kwa sababu kwa miaka kadhaa nimekuwa nikikisimulia kisa hiki kana kwamba karata ndizo zilizonigeuka.

Ilikuwa mechi ya briji ya timu, duru ya mwisho. Briji ni karata za wawili kwa wawili: kabla ya kucheza mnanadi kwa kadi za kisandukuni, ambapo 1 ni ahadi ya kula mizunguko 7 kati ya 13, na 7 ni ahadi ya kula yote. Mwenzangu mezani alikuwa mzee aliyenifundisha Presisheni, mfumo wa kunadi wa pau 1 yenye nguvu aliobuni C.C. Wei na ulioifikisha Taiwan fainali ya Bermuda Bowl, ubingwa wa dunia wa briji, mwaka 1969, na tena 1970. Mzee hakujali sana historia hiyo. Alichoupendea ni kwamba kila mtu anaijua kazi yake. Mwenye pointi 16 na zaidi za karata kubwa anafungua pau 1, hata kama hana pau ya maana mkononi. Mwenzake akiwa na pointi 0 hadi 7 anajibu uru 1; akiwa na 8 na kuendelea, anataja aina yake ndefu. Tangu hapo mwenye nguvu anauliza na mwingine anajibu. Ni kama mbele ya daktari: unaulizwa panapouma, unasema panapouma, dawa anaandika yeye.

Mkono wangu naukumbuka mpaka leo. Shupaza: mfalme, malkia, 8, 6, 3. Kopa 9, peke yake. Uru: mfalme, ghulamu, 7, 4, 2. Pau 8 na 5. Pointi 9 tu, lakini zimekaa vizuri.

Mzee akafungua pau 1. Wapinzani wakapita. Nikajibu shupaza 1: ninazo tano au zaidi, na pointi 8 au zaidi. Akapandisha shupaza 2, ambayo kwetu haikuwa kupandisha bali swali: turufu zako zikoje? Nikasema uru 3, yaani ngazi ya tatu: karata tano, na mbili kati ya zile tatu kubwa, yaani ree, mfalme na malkia. Akauliza kopa kwa kusema kopa 3. Nikapanda ngazi tatu tena, pau 4: nina kizuizi cha mzunguko wa pili, yaani kopa zikichezwa mara ya pili naweza kula, ama kwa mfalme ama kwa kuwa nina kopa moja pekee na nitakata kwa turufu.

Akaweka shupaza 6.

Alikwisha maliza. Kila alichotaka kukijua alikiuliza, nami nilikwisha kijibu. Kilichobaki kwangu kilikuwa kadi ya kijani ya kupita, tena iko pale mbele kabisa ya kisanduku.

Tatizo ni wiki iliyotangulia. Tulikuwa tumesimama kwenye slemu ndogo, yaani ahadi ya mizunguko 12, nikakaa nikala mizunguko yote 13, na wenzetu wa timu hawakuliacha lile jambo hadi tunaagana. Kidonda kilikuwa bado kibichi. Nikaziangalia uru zangu tano. Mzee hazijui hizi, nikajisemea. Hajui pia kama kopa yangu ni mfalme au ni karata moja. Ana pointi 16 na kitu, ameruka mpaka sita bila hofu, nami nina zawadi ambayo hajaiona. Tulikuwa hatarini, hali ambayo zawadi na faini huwa kubwa zaidi, na kwa aliye hatarini slemu kubwa, ile ya mizunguko yote 13, inalipa 1,500 pale ndogo inapolipa 750.

Nikaweka shupaza 7. Mzee hakuinua uso.

Bibi aliyekaa kushoto kwangu hakufikiri hata sekunde tatu. Alitoa ree ya kopa akaiweka mezani taratibu, kama anayerudisha kitu cha watu. Mzee akafungua karata zake: shupaza ree, ghulamu, 5, 2, kopa 7 na 4, uru ree, malkia, 3, pau ree, mfalme, malkia, 6. Pointi 20. Mizunguko 12 iliyobaki ningeila nimefumba macho. Angeanza na pau, ningekula yote 13 na kopa yangu ningeitupa kwenye pau ya tatu. Lakini nani anayekaa na ree mkononi dhidi ya slemu kubwa, kopa zimeulizwa waziwazi mbele yake, halafu aanze na pau?

Hesabu yenyewe nilikuja kuifanya baadaye, wakati haina faida. Kwenye mechi ya timu karata zile zile huchezwa meza mbili, na meza ya pili wapinzani waliokuwa na karata kama zetu walisimama kwenye shupaza 6 wakapata 1,430. Sisi tulitozwa 100. Tofauti ni 1,530, na kwenye jedwali la kugeuza tofauti kuwa alama za mechi, ziitwazo impi, hiyo ni impi 17. Ningefaulu, faida ingekuwa impi 13. Kuweka 17 ili upate 13 kunataka uwe na uhakika wa asilimia 57 hivi kabla hujagusa kadi. Mimi nilikuwa na uchu.

Raundi ilipokwisha nilimfuata Mzee mlangoni. Nilitaka anigombeze, ingekuwa nafuu.

"Mzee, nilikuwa na uru tano, na mfalme. Hukuzijua."

"Sikuziuliza."

"Ungeziuliza?"

"Ningezijua, na bado ningesema sita." Alivua miwani akaifuta kwa pindo la shati. "Mwanangu, mtu mwenye ree na mfalme wa kopa huuliza kopa?"

"Hapana."

"Mimi niliuliza. Ukanijibu mzunguko wa pili. Mfalme au karata moja, kwangu ilikuwa sawa tu: ree haiko kwako, na kwangu naona haipo."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba swali lake nalo lilikuwa linanijibu mimi, kama ningelisikiliza. Nikatafuta pa kujishikiza.

"Basi ungenipa ishara yoyote, Mzee, kwamba tunapungukiwa ree."

"Nilikwambia," akasema. "Nilisema sita."

Akanipa kalamu. Fomu ya matokeo ilikuwa bado haijajazwa, nikaandika 100 kwenye safu ya wapinzani.