Vile nilikuja kujua 56 ya maji si 56 ya sampuli

Mimi nafanya kazi maabara hapa Mombasa, na naandika hii kwa sababu juzi kijana wetu wa atachi kaniuliza "anko, seramu ikishaingia maji moto si basi, virusi vishakufa?" (seramu ni yale maji ya damu yanayobaki damu ikishaganda) nikakumbuka kuwa hata mimi nilikuwa naamini hivyo hivyo, tena kwa miaka.

Mwisho wa 2017 kuingia 2018 chikungunya, ule ugonjwa wa virusi unaoletwa na mbu, ilitushika vibaya, Likoni, Kisauni, Changamwe watu watembea wamejikunja kwa maumivu ya viungo, na sampuli zaja mpaka jioni. Za kupima kingamwili tulikuwa twazipasha digrii 56 dakika 30 ndani ya beseni la maji moto ndipo zihamie meza ya wazi. Alamu ikilia twatoa, twaendelea.

Siku moja nikawaza, hii namba hapa mbele yasoma maji, sasa ndani ya tyubu je? Nikachukua tyubu tupu nikatia maji kipimo sawa na seramu, nikaiweka kwa friji na zingine, halafu nikatoboa kifuniko nikapitisha kipimajoto chembamba na kuiingiza pamoja na raki imejaa. Wallahi nilishtuka. Dakika ya nane bado yasoma 51! Yaani tyubu zote zile baridi zikiingia mara moja zapoza maji, halafu sisi saa tumeanza kuhesabu kitambo, kwa hivyo ile nusu saa haikuwa nusu saa kamwe. Na kitu kingine, maji yalikuwa chini ya usawa wa seramu, na matone yaliyoganda kwa kifuniko hayapati joto lolote, na kifuniko ndicho unachoshika ukifungua.

Nikaenda kwa inchaji siku hiyo hiyo nikamwonyesha, na shukrani kwake hakukasirika, alisema tu "badilisha". Tukaanza kuzungusha tyubu kwa sentrifuji kwanza ili matone yashuke, raki nusu badala ya kujaza, maji juu ya usawa wa seramu, na ile tyubu ya maji inaingia kila raundi kama shahidi, saa haianzi mpaka shahidi asome 56. Stima ikipotea katikati twaanza sifuri, hata kama zilibaki dakika mbili. Watu walilalamika kazi inachelewa na kweli ilichelewa, lakini mimi hapo sikukubali kabisa, wengine wana watoto wadogo nyumbani.

Hata hivyo glavu hazivuliwi. Hepataitisi B haiaminiki kufa kwa 56 ya nusu saa, na seramu ina protini nyingi zinazokinga virusi. Kuthibitisha virusi vimekufa kabisa lazima ujaribu kuvikuza kwenye seli uone havioti, na sisi hatuna hiyo nafasi, kwa hivyo twafuata njia iliyokwisha kuthibitishwa bila kupunguza hata dakika.

Za PCR, kile kipimo cha kutafuta vinasaba vya virusi vyenyewe, ni habari nyingine, hizo zaingia kwa bafa, yaani maji ya dawa, yenye kemikali ya guanidini inayopasua virusi, wachanganya vizuri mpaka kwenye kifuniko na wasubiri muda ulioandikwa kwa maelezo ya pakiti ya kipimo. Hapa ndipo nawaomba sana jamani: bafa hiyo ikimwagika USIMWAGE Jik! Vikikutana vyatoa gesi ya sumu. Dada mmoja mgeni alikuwa ameshainua chupa nikamshika mkono, maana kote alikosoma ameambiwa damu ikimwagika ni Jik sehemu moja maji sita, ambayo ni sawa kwa damu kama Jik yenyewe ni ya 3.5%, lakini si kwa bafa ile. Bafa yafutwa kwa sabuni na maji, mabaki yake yana ndoo yake peke yake, nimeiandika kwa maka nyekundu HAKUNA JIK HUMU.

Yule wa atachi sasa ndiye anayesoma kipimajoto cha shahidi kila asubuhi, na jana aliirudisha raki nzima mwenyewe bila kuambiwa, stima ilikuwa imeruka kidogo tu.