Nilivyoipata sauti yangu kwenye chelo

Wanafunzi wa muziki huambiwa kila siku: usiige, kuwa wewe. Mimi sauti yangu niliipata kwa kuiga, tena bila haya. Ila waliokuja kunifaa hawakuwa wapiga chelo, ile fidla kubwa unayoipiga umeketi, umeibana kwa magoti.

Nilianza nikiwa msichana wa sekondari, hapa Unguja, Dhow Countries Music Academy, chuo kilichoanzishwa Mji Mkongwe mwaka 2002. Chelo ilikuwa ya kuazima, yenye tabia ya kunguruma na kukatika kila nikifika kwenye fa. Chelo nyingi zina noti yao korofi ya namna hiyo, na ukilibana sanduku kidogo kwa magoti hutulia. Nyumbani nilisikiliza rekodi za Jacqueline du Pré, mpiga chelo wa Uingereza, mpaka mama akawa anazipiga mluzi jikoni. Nikawa natikisa kidole cha mkono wa kushoto kama yeye, na bado sauti ikitoka nyembamba.

Mwalimu wangu akanizuia kutumia mkono wa kushoto kwa muda. Ikawa kazi ni uzi mtupu wa sol, usiobanwa kwa kidole, na upinde tu. Upinde una mambo matatu: uzito wa mkono, kasi ya kuvuta, na mahali unapogusa uzi. Ukisogea karibu na kile kibao kinachobeba nyuzi, vuta polepole na utie uzito, la sivyo uzi unapiga kelele. Ukirudi upande wa vidole, ongeza kasi na upunguze uzito. Nilikuwa naanza juu, penye sauti ya moshimoshi, nashuka taratibu mpaka inapoanza kuwa na makali, kisha natafuta katikati mahali ninapopapenda. Mahali hapo ndipo penye sauti yako, na kwa kila mtu ni tofauti kidogo. Wakati wa masika nywele za upinde hulegea kwa unyevu, basi hesabu yote unaianza upya.

Nilijirekodi kwa simu, nikiiweka mwisho wa chumba. Karibu na sikio chelo ina mikwaruzo mingi ambayo msikilizaji wa mbali haipati, na ukiiogopa utapiga kinyonge maisha yako yote. Kusikiliza tumia spika za masikioni, maana spika ya simu haiwezi kuutoa uzi mzito wa do.

Lakini sauti nzuri ya uzi mtupu haijawa maneno. Hilo nililipata kwenye mazoezi ya taarabu, nilipokaa nyuma ya fidla nikijibu katikati ya mistari ya mwimbaji. Maalim mmoja mzee, mpiga fidla, akanisimamisha.

"Mwanangu, mwimbaji keshameza pumzi, wewe bado unavuta. Unamjibu nani?"

"Nifanyeje, maalim?"

"Imba kwanza. Ukishaimba ndiyo upige."

Nikaanza kuimba. Mshororo wa shairi una vipande viwili, mizani nane kwa nane: *nakupenda si utani, nimekuweka moyoni*. Nikaupa kila kipande mvuto mmoja wa upinde, na upinde ukageuka pale kwenye kina. Mara nikajua wapi pa kutumia upinde mwingi na wapi pa kuubania. Nikarudi kwenye rekodi za Siti binti Saad, zile za Bombay za mwaka 1928, zenye mchakacho mtupu, na kwa Bi Kidude. Nikawa naiga namna wanavyoingia kwenye noti kutoka chini, wanavyoiacha kabla haijaisha, na ule ukwaruzo wa Bi Kidude ambao hakuna mwalimu wa upinde angeuruhusu. Mimi ninao sasa, kwenye uzi wa re, nikiutaka.

Chelo haina vigawanyo kwenye shingo kama vya gitaa, kwa hiyo sika inapigika, ile noti ya maqamu ya rasti (maqamu ni ngazi ya noti za Kiarabu) iliyo kati ya mi na mi bemoli, yaani mi iliyoshushwa: kidole cha kwanza kinarudi nyuma, kisifike mi bemoli. Mwanzoni sikio langu lilikuwa linakivuta kidole kwenye noti za piano. Lilikubali polepole.

Na Bach? Nakala ya mkono wa mtunzi huyo Mjerumani ya zile suti 6 za chelo, yaani mafungu ya vipande vya muziki, haikusalia. Tunayoitegemea zaidi ni ile aliyonakili mkewe, Anna Magdalena, na alama zake za kuunganisha noti kwenye upinde hazieleweki sawasawa. Kila mpiga chelo huamua mwenyewe. Kwenye Preludi ya kwanza, kile kipande cha ufunguzi, mimi naamua kwa pumzi, naiimba kwanza bila maneno. Mwalimu wangu anasema mahali pawili napumua mno kama mtu wa taarabu. Mahali pamoja nimepabadilisha. Kwa pale pengine bado tunabishana.