Mwalimu Aliyeketi Mchangani

Juzi binti yangu alikuwa anajaza kwenye simu ile fomu ya kutathmini wahadhiri. Kufika kwa mmoja akaniuliza, "Mama, huyu anafundisha vizuri lakini anatutesa. Nimpe ngapi?" Sikumjibu. Mawazo yalikuwa yameshafika Kunduchi.

Tulikuwa mwaka wa pili Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, jiografia, tumezoea madesa, yale makaratasi ya muhtasari wa masomo: unakariri, unamwaga kwenye mtihani, unasahau. Dokta mmoja akatuambia Jumamosi tukutane Mwenge. Daladala la Tegeta, tukashuka Mtongani, jua kali, manung'uniko njia nzima.

Ufukweni palikuwa na mzee anashona wavu. Dokta akavua viatu, akamwamkia shikamoo, akaketi mchangani mbele yake, akatoa daftari. Sisi tumesimama tu. "Mzee wangu, enzi zenu maji yalikuwa yanaishia wapi?" Mzee akanyoosha sindano ya wavu baharini, kule ngalawa zilikotia nanga. "Pale palikuwa na minazi." Dokta akaandika, kisha akatugeukia: ufukwe wa pale umekwenda wapi? Tukajibu kwa sauti moja kama desa lilivyosema, bahari inapanda. Mzee akatikisa kichwa. Pepo za kaskazi na kusi, alisema, huuhamisha mchanga na kuurudisha, ndivyo ilivyo tangu zamani. Ila zamani mito ilikuwa inaleta mwingine. Siku hizi mchanga wa Mto Tegeta unachotwa na malori, unakwenda kujenga nyumba za mjini. "Sasa huku kitafika nini?"

"Rudia hapo, mzee, taratibu," Dokta akasema, kalamu inakimbia. Suruali imelowa, hana habari nayo. Nikaona haya kuendelea kusimama, nikaketi. Mmoja mmoja, darasa zima likaketi.

Kwenye ripoti alitaka mzee yule atajwe kwa jina, kama tunavyotaja vitabu.

Alisahihisha kwa mkono mzito, na wengine walikula sapu, wakarudia mtihani. Mpaka leo tukikutana harusini tunabishana. Wenzangu wanamsifu mwingine, aliyegawa desa kamili na mitihani yake ukaijua mapema. Watu walifaulu, wakapata kazi. Siwezi kuwaambia hilo ni dogo. Mtoto wa mkulima akidisko, akaondolewa chuo kwa kufeli, nyumba nzima imedisko. Lakini mimi kazi yangu ni vyanzo vya maji vijijini, na kabla sijafungua vipimo namtafuta kwanza mzee wa pale, naketi, namuuliza mto ulikuwa unafika wapi.