Nilivyompata ndovu wa Ptolemy kwenye maonyesho ya sarafu Berlin

Kila aliyesikia kwamba naondoka Mombasa kwenda Berlin kununua sarafu za Wayunani wa kale alikuwa na lake la kunifunza. Mmoja aliniambia niziume. Mwingine, mtu mzima mwenye duka la vitu vya kale, alinishika mkono akanihakikishia kwamba fedha halisi hujulikana kwa mlio: iangushe juu ya marumaru, uisikilize. Wa tatu akasema nibebe sumaku. Na karibu wote walikubaliana kwamba nikishaipata niisugue kwa ndimu na majivu mpaka ing'ae.

Nasema wazi, ushauri huo ni wa kuharibu mali. Fedha iliyolala ardhini miaka elfu mbili na zaidi hubadilika ndani kwa ndani, punje zake zikaanza kuachana, na sarafu unayoiona nzima yaweza kukatika vipande ikianguka sakafuni. Sumaku haivuti fedha, sawa, lakini haivuti shaba wala risasi wala bati pia, na hizo ndizo wenye kughushi wanazotumia. Ama ndimu, hiyo inaondoa ule weusi wa umri ambao mnunuzi anayejua anaulipia. Nimeona riale nzuri ya Maria Theresa, yenye mwaka wake wa 1780, imesuguliwa na mtu wa Mji wa Kale mpaka uso wa malkia umekuwa laini hauna pua. Iliniuma.

Mimi nilianzia na sarafu za kwetu: hizo riale, na pesa za shaba za mwaka 1888 zenye picha ya mizani, za Kampuni ya Imperial British East Africa. Wayunani walikuja baadaye, na waliletwa na ndovu. Ptolemy, jenerali wa Alexander Mkuu aliyejitwalia Misri baada ya bwana wake kufa mwaka 323 KK, alitoa sarafu ya fedha yenye kichwa cha Alexander amevaa ngozi ya kichwa cha ndovu, mkonga umeinuka juu ya paji la uso na pembe iko mbele. Mwanawe na mjukuu wake, Ptolemy wa pili na wa tatu, wakawa wanatuma watu kwenye pwani ya Afrika ya Bahari ya Shamu kukamata ndovu wa vita. Mtu aliyekua akipita chini ya Mapembe, yale matao ya pembe za ndovu ya Barabara ya Moi, hawezi kuiona sarafu ile akaisahau. Nikaamua: naenda kwa ajili ya hiyo, na nikipata na bundi wa Athens, yaani sarafu ya mji huo yenye picha ya bundi, heri.

Kilichonisaidia kuliko kitu chochote ni kuchagua mfalme mmoja na kumsoma yeye tu. Kwa miezi kadhaa nilikuwa nikimaliza kazi napitia picha za sarafu za akina Ptolemy ambazo American Numismatic Society, chama cha sarafu cha Marekani, imeziweka bure kwenye intaneti, picha baada ya picha, hadi nikaweza kuyatambua macho ya Alexander bila kusoma maandishi. Halafu nikaenda kwa sonara mmoja wa Mji wa Kale, ninayemwita Ami ingawa hatuna undugu wa karibu. Aliniuzia mizani yake ndogo ya zamani na lenzi ya kukuza mara kumi, akaniketisha kwenye kigoda nyuma ya kaunta nipime mikufu na pete za wateja hadi mkono wangu ukazoea. "Mwanangu," akaniambia, "pima kwanza, penda baadaye." Nikaandika uzani kwenye kadi: bundi wa Athens, tetradrakma (sarafu ya drakma nne), gramu 17.2 hivi. Alexander mwenyewe, vilevile 17.2. Ptolemy: alianza na 17.2, akashusha hadi 15.7, mwisho akafika 14.2. Huo mstari wa mwisho ndio ulionilipia nauli, mtaona.

Viza, tiketi, hoteli, hayo kila mtu anayajua. Pesa taslimu nilibeba chini ya euro 10,000, kwa sababu ukifika na kiasi hicho au zaidi lazima utangaze kwa forodha ya Ulaya. Kule baridi ya mwisho wa Januari si mchezo, vidole vinakufa ganzi, na mkono wenye ganzi haufai kushika kitu cha thamani. Nunueni glavu nzuri kabla ya kununua sarafu.

Siku ya kwanza sikuenda kwenye maonyesho. Nilikwenda Jumba la Makumbusho la Bode, ambako iko hazina ya sarafu ya Berlin, zaidi ya vitu nusu milioni. Hapo ndipo mwaka 2017 wezi waliingia usiku wakaondoka na sarafu ya dhahabu ya Kanada yenye uzani wa kilo 100. Mimi nilisimama mbele ya vioo vya Wayunani mpaka askari akaanza kunitazama. Sarafu halisi ina ukali fulani kwenye mistari ya nywele, fedha imetiririka kuelekea ukingoni kwa nguvu ya nyundo. Picha haikuonyeshi hilo. Lazima ulione kwa jicho lako, na ulione siku hiyohiyo kabla hujaanza kununua.

Nikatoka hapo nikapita kwenye soko la wazi la vitu vya kale, na hapo nikapata somo ambalo nalisimulia kwa furaha hadi leo. Muuzaji mmoja alikuwa na trei ya sarafu "za zamani", na ndani yake bundi wa Athens kwa bei ya kuchekesha. Niliichukua. Uzani mkononi si mbaya. Athena, mungu wa kike wa Athens, na kofia yake, majani matatu ya mzeituni, bundi na mwezi mchanga na zile herufi tatu za jina la mji, vyote vipo. Ukingoni palikuwa na ufa mdogo, jambo la kawaida kwa sarafu iliyopigwa kwa nyundo. Sikusema kitu. Nikamwuliza kwa upole: unayo nyingine? Akafurahi, akafungua kisanduku, akanipa ya pili. Nikaziweka kiganjani zikitazamana. Ufa uleule, mahali palepale, urefu uleule. Na kovu dogo chini ya jicho la bundi, kwenye zote mbili.

Sasa fikiria. Muhuri wa kupigia sarafu waweza kuwa mmoja, kwa hiyo picha kufanana si ajabu. Lakini kile kipande cha fedha kilichowekwa chini ya nyundo kila mara ni kingine, na kila kimoja hupasuka kivyake. Mahamri ya karai moja hayalingani hata mawili, na sarafu hizi ni hivyohivyo. Ufa ukijirudia, basi zimemiminwa kwenye kalibu, kutokana na sarafu moja iliyokuwa na ufa huo. Nikazirudisha, nikamshukuru, nikaondoka. Kwa hiyo ukishika sarafu unayoitilia shaka, usibishane, usitoe lenzi kwa mbwembwe. Omba ya pili tu.

Maonyesho yenyewe, World Money Fair, yako kwenye hoteli ya Estrel, barabara ya Sonnenallee. Treni ya mzunguko inakushusha karibu. Zamani yalikuwa Basel, tangu 2006 yako Berlin. Usitishike ukiingia. Sehemu kubwa ni viwanda vya sarafu vya mataifa vikionyesha sarafu mpya zinazong'aa, na watu wamejazana huko. Pita. Wauzaji wa sarafu za kale wana meza zao, na kwao kuna utulivu: unaomba trei, unaketi, unashika sarafu kwa ukingo juu ya kitambaa, unapima kwa ruhusa. Hakuna duka la intaneti litakalokupa hilo.

Bundi nilimkosa. Walikuwepo wengi kuliko nilivyodhani, maana miaka ya karibuni wameingia sokoni kwa wingi, na tofauti ya bei iko kwenye kofia: Athena ambaye kishungi cha kofia yake kimeonekana chote ni ghali, aliyekatwa na ukingo ni nafuu. Nilimpata mmoja mzuri, tukapatana bei, nikauliza karatasi: ilitoka mkusanyo gani, na nani atashughulikia kibali cha kuitoa nje ya Umoja wa Ulaya? Muuzaji akainua mabega. "Mkusanyo wa zamani." Upi? Hajui. Ujerumani ina sheria kali ya mali ya utamaduni tangu 2016, na sarafu isiyo na historia yaweza kuwa imechimbwa kwa wizi juzi tu. Nikamrudishia. Moyo uliniuma, lakini sikubali kuingia Kenya na kitu nisichoweza kukieleza. Sisi wenyewe tunajua uchungu wa kuona vya kwetu kwenye makabati ya watu.

Ndipo nikafika kwenye meza ya mzee mmoja mwenye trei ya Misri, na nikamwona ndovu wangu. Alikuwa mkononi mwa mtu mwingine. Jamaa ameketi, amevaa suti, ana mizani yake. Akapima, akatazama, akapima tena. Gramu 15.6. Akatikisa kichwa, akamwambia rafiki yake kwamba tetradrakma haina uzani huo, labda ni kokwa ya shaba iliyovikwa fedha. Akairudisha kwenye trei na kwenda zake. Mimi nimesimama nyuma yake, kadi yangu mfukoni, moyo unadunda.

Nikaketi. Nikatazama ukingo wote kwa lenzi, nikitafuta uwekundu wa shaba: hakuna. Mkonga upo, pembe ipo. Nyuma, Athena na mkuki na ngao, tai miguuni pake, na jina la Alexander limeandikwa ingawa aliyeitoa ni Ptolemy. Ile 15.6 ndiyo sahihi kabisa kwa toleo lile la pili, alipokwisha kupunguza fedha. Aliyemfundisha yule jamaa kwamba chini ya 17 ni bandia alimfundisha nusu ya habari. Juu ya hayo, ndani ya bahasha kulikuwa na kijikaratasi cha mnada wa zamani chenye picha yake. Kulikuwa na mkwaruzo wa herufi uliochorwa na mtu wa kale, na huo ulishusha bei.

Hapo Umombasa wangu ukafanya kazi. Kule usianze na nusu ya bei unavyofanya Marikiti, watakuona huna heshima. Niliongeza shaba kubwa ya Ptolemy wa tatu, yenye mungu Zeus Amoni mwenye pembe za kondoo, karibu gramu 70, imejaa kiganja, na kile kishimo cha katikati ambacho wengi hudhani kimetobolewa juzi, kumbe ni cha kiwandani tangu enzi zake. Nikasema: zote mbili, taslimu, nipe bei moja. Nikanyamaza. Akaandika, akafuta, akaandika tena. Zote pamoja zilikuja kwenye euro mia nane na kitu, na kibali akashughulikia yeye, kwa hiyo zilinifuata kwa posta yenye bima baadaye. Risiti inayoeleza kila kitu ndiyo niliyowaonyesha watu wa forodha.

Kwa wenzangu wa pwani: fedha haina tabu, lakini shaba na hewa yetu ya chumvi haviendani. Ukiona unga wa kijani kibichi umeanza kutoka, itenge na nyingine mara moja. Yangu iko ndani ya kopo la kufunga, pamoja na vile vifuko vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, na siiweki kwenye plastiki laini ya kunukia, maana hiyo inatoa majimaji yanayoila. Anayetaka kumwona ndovu aje nyumbani baada ya Alasiri, nitamshikisha mwenyewe, kwa ukingo.